Mguu Upande Huu wa Kitenge

Kwa miaka kumi na miwili niliijua sauti ya baba mkwe wangu kuliko nilivyoujua uso wake. Ungenipangia wazee kumi msibani ukaniambia nimchague, ningeomba kwanza wakohoe. Tulipomtembelea kwake alikohoa mara mbili kabla ya kuikata kona ya nyumba, kikohozi kikavu cha makusudi, ili kama niko uani nipate muda wa kuingia jikoni na kuvuta mlango. Nami nikikisikia niliacha kila kitu kama kilivyo: sufuria motoni, nguo kwenye beseni, mara moja hata mtoto nusu ameoga, povu masikioni.

Kwao, upande wa milima ya Ileje, watu wa zamani walishika hivyo. Mkamwana na baba wa mumewe hawatazamani, hawapeani mkono, hawapishani njia nyembamba. Mimi ni Mnyiha wa Vwawa. Kwetu mkamwana hupiga magoti, husalimia, na maisha yanaendelea. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenikalisha wiki ya kwanza ya ndoa akanieleza. "Usije ukadhani anakuchukia," alisema. "Huko ndiko kukuheshimu kwake." Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni nilijiambia heshima gani hii inayofanana na kukimbiwa.

Watu wengine wote walimwita Bwana Shamba, maana ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Alianzia Isansa, kwenye kahawa, akaizunguka Mbozi kwa baiskeli na kwa miguu, na miaka ya mwisho akahamishiwa nyumbani kwao Ileje. Mpaka leo, nikiwa kwenye kibanda changu cha vitenge hapa Tunduma, hutokea mtu mzima kutoka Mbozi akasikia ukoo wa mume wangu. "Ala! Wewe ni mkwe wa Bwana Shamba?" Kisha hukaa chini na kutoa kisa.

Visa vyenyewe vinafanana. Alitembea na mkasi wa kupogolea kwenye mfuko wa koti, na akiona mbuni wa kahawa umeachwa ukajaa machipukizi, aliingia shambani bila hodi, akakata, akaendelea na safari. Mwenye shamba akitoka kufoka alimjibu, "Nimekupunguzia umaskini kidogo. Uliobaki uko kule nyuma, malizia mwenyewe." Mama mmoja wa Isansa aliniambia alimlaani siku alipomshauri aikate mibuni yake mikongwe mpaka kwenye kisiki. Alilia kama amefiwa. "Mwaka wa tatu," akaniambia, "nilimpelekea jogoo."

Wakulima wakimwambia ndivyo babu zetu walivyopanda, alikuwa na jibu moja. "Babu yako ningemkuta hai, ningemfundisha na yeye."

Basi huyo ndiye aliyekuwa akikohoa konani. Mtu aliyezunguka wilaya nzima akiwaambia watu waache ya zamani, akifika kwenye kizingiti cha nyumba yake hakuacha hata moja. Mume wangu alimwuliza siku moja kwa nini. Mzee akamjibu kwamba shamba ni la mavuno, nyumba si ya mavuno. Mume wangu alinisimulia huku akicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa nimeelewa, na sina hakika kama nimeelewa hata sasa.

Kahawa yenyewe hakuinywa. Alikunywa chai ya maziwa, vikombe viwili vikubwa, na akiulizwa alisema ameiona kahawa ikiwa uchi mno kuweza kuionea hamu.

Nisimfanye mtu mgumu tu. Nilipojifungua Atu, binti yangu wa kwanza, kondakta wa haisi ya Itumba alinishushia kuku wawili, ndoo ya ulezi na ujumbe aliouimba kama shairi la shule: "Mzee anasema aliyejifungua anywe uji, asione haya kula, na asibebe ndoo mpaka mwezi uishe." Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, akapelekewa mtoto, akamshika muda mrefu mpaka maziwa yakaanza kunitoka ndani kule nilikojificha. Kila mwaka baada ya hapo, maharage, ndizi, viazi vya msimu, vyote vikiwa vimefungwa vizuri kuliko vya dukani. Kwa miaka kumi na miwili alinilisha mtu ambaye hakuwahi kunitazama.

Magoti yalimwanza zamani. Alisema kupanda mlima hakujawahi kumwumiza mtu, kinachokula magoti ni kuteremka, na yeye alikuwa ameteremka kila kilima baina ya Mbozi na mpaka wa Malawi. La kulia, lililolizidi la kushoto kwa ubovu, lilipinda kwa nje, likawa linalia kama mlango mbovu. Mwishowe akawa hawezi kufika chooni kwake, maana nyumba yake imekaa ubavuni mwa mlima na choo kiko chini, ngazi ishirini na kitu za udongo. Watoto wakashauriana, barua za rufaa zikaandikwa, akapelekwa Dar es Salaam akabadilishiwa goti. Likakatwa lake, likawekwa la chuma na plastiki.

Sote tulidhani kazi kubwa imekwisha. Mume wangu alipomleta kwetu Tunduma, kwa sababu nyumba yetu iko tambarare na choo kiko ndani, nilifurahi kumwona akishuka garini kwa magongo, ingawa nilimwona mgongo tu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba goti jipya halijui kukunja mpaka lifundishwe, na kwamba lina muda wake wa kufundishika, muda ukipita linaganda.

Aliyetuambia ni dada wa mazoezi kwenye kliniki moja huko Vwawa, tulikokuwa tunampeleka kila Jumatano. Alikuwa binti mdogo kwa umri, mikono yake imara, haongei kwa kuzunguka. Alikuwa na kipimo cha plastiki kama rula mbili zilizoungwa katikati, akikiweka ubavuni mwa goti na kusoma nyuzi, zile zile za pembe tulizosoma shuleni. Alisema mzee anatakiwa afike nyuzi tisini ndani ya wiki sita. Tisini ndiyo inayomwezesha mtu kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushikwa. Chini ya hapo makovu ya ndani yanakaza kama gundi.

"Na asipofika?" wifi yangu aliuliza. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nasikiliza.

"Tunamrudisha. Wanamlaza kwa dawa ya usingizi, wanalikunja kwa nguvu. Wakati mwingine inasaidia. Wakati mwingine mfupa unavunjika. Ndiyo maana nataka tulikunje sisi, polepole, nyumbani, mara tatu kwa siku."

Wifi ndiye aliyelikunja wiki tatu za kwanza. Alimlaza, akamwekea mfuko wa plastiki chini ya kisigino ili mguu uteleze juu ya shuka, akamsukuma. Mzee alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza. Lakini Jumatano ya tatu kipimo kilisoma sitini na mbili, tukapata matumaini. Kisha simu ikaja kutoka Ileje: mahindi ya wifi yalikuwa yanaoza shambani kwa mvua za mwisho, na mumewe peke yake hawezi. Akafunga mfuko wake. Mlangoni akanishika mkono.

"Utafanyaje?" akaniuliza.

"Sijui."

"Na mimi sijui," akasema, akaondoka.

Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo. Wakati huo alikuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, siku ya nne, mbele yake malori yasiyohesabika. Watoto wanashinda shule. Mzee wa kanisa wa mtaani kwetu alijitolea akaja siku mbili. Aliomba sana na kukunja kidogo. Siku ya tatu alisafiri. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na mtu ambaye sikuruhusiwa kumtazama, na ukuta mmoja katikati.

Tukajaribu kuutumia ukuta. Nilimwekea chakula kwenye meza ndogo mlangoni, nikagonga, nikaondoka. Saa tatu, saa saba na saa kumi nilifunga kibanda nikarudi, nikasimama nje ya chumba chake, nikahesabu kwa sauti. "Moja, Baba. Vuta kisigino. Mbili." Naye kutoka ndani alijibu, "Tayari. Tayari." Siku mbili nilijisifu. Siku ya tatu nikagundua jambo. Ule mfuko wa plastiki ukiteleza juu ya shuka unachakarika, na mimi nilikuwa sisikii mchakariko wowote. Nilihesabu mpaka thelathini, naye akaitikia mpaka thelathini, na chumbani kulikuwa kimya kama kanisa Jumatatu.

Sikusema kitu. Nitamwambiaje baba mkwe wangu kwamba anadanganya? Nilirudi kibandani nikawa nakata vitenge vibaya. Wateja wangu wengi ni akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka, Zambia, nao huniita Bana Atu, yaani Mama Atu. Mmoja aliniuliza, "Bana Atu, umefiwa?" Nilikuwa nimempimia yadi nne badala ya sita.

Nilianza kuhesabu siku usingizini na nikiwa macho. Niliwaza mfupa ukivunjika. Niliwaza choo cha Ileje na zile ngazi. Nilisikia kwamba damu huganda mguuni kwa watu wasiotembea, na kila alipokaa kimya muda mrefu niliweka sikio mlangoni nisikie kama anapumua. Siku moja akakohoa wakati huo huo, karibu nianguke.

Jumatano ya wiki ya nne nilikodi gari, Noah, mzee akakaa kiti cha nyuma mguu umenyooshwa, mimi mbele nikitazama barabara. Kliniki, kipimo kilisoma hamsini na nane.

"Limerudi nyuma," dada wa mazoezi akasema. "Nani anamkunja?"

Alimtazama mzee, akatoka nje akanitazama na mimi.

"Mama, nakuuliza wewe. Nyumbani nani anamkunja?"

"Mimi ni mkamwana wake," nikasema.

Binti wa watu alikuwa wa kabila jingine, lakini amefanya kazi huku muda wa kutosha. Alipunguza sauti. "Nakuelewa. Lakini goti halielewi. Njoo nikuonyeshe kwa mguu wangu mwenyewe." Akaketi kwenye benchi la nje, akanifundisha: mkono mmoja juu ya kifundo, mwingine chini ya paja, sukuma mpaka panapokataa, hapo simama, hesabu thelathini, usitikise, usivute kwa pupa. Usimwache aweke mto chini ya goti, hata akilia, maana mto unafanya goti ligande likiwa limepinda. Weka taulo chini ya kifundo linyooke. Barafu baadaye. "Nina wiki mbili," akasema. "Baada ya hapo naandika barua ya kumrudisha."

Tulipofika nyumbani nilimpigia mume wangu.

"Ongea naye," akasema.

"Naongeaje na mtu ambaye hajawahi kuniangalia?"

"Mke wangu, mimi nipo huku. Ningekuwa hapo ningelikunja hata kwa meno."

"Najua."

"Basi ongea naye."

Nilisimama nje ya mlango ule muda mrefu. Niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia wifi: sehemu yangu moja ilikuwa inaombea anifukuze. Nilikuwa na hofu ya goti lile. Niliwahi kuliona kwa mbali likifungwa bandeji, kovu limesimama wima katikati kama zipu, limevimba, linang'aa. Kama angenifukuza, likivunjika mikononi mwa madaktari lisingekuwa langu.

Nikagonga, nikaingia bila kuitikiwa.

Aligeuza uso ukutani hapo hapo. Chini ya goti kulikuwa na mto.

"Mama Atu, toka."

"Sitoki, Baba."

"Mtoto wa watu, unafanya nini? Toka, nitamwita mzee wa kanisa."

"Amesafiri."

"Nitafanya mwenyewe."

"Baba, mfuko haulii."

Hakuuliza mfuko gani. Nilipiga magoti pale sakafuni, maana ndivyo nilivyofunzwa kwetu kuzungumza na mkubwa, na hilo hakuna aliyenikataza. Nikatafuta maneno. Nikayapata ambayo nilidhani ni ya akili sana.

"Baba, mbuni ungekuwa unakauka, na mwenye shamba ni mkweo, ungeupita?"

"Mguu si mbuni," akasema.

Nje lori lilikuwa linapiga honi kwenye foleni ya mpakani, na jirani anatwanga. Mwishowe yeye ndiye aliyeongea, bado uso uko ukutani, na sauti ile niliyoijua kwa kikohozi na amri ilikuwa imepungua.

"Unadhani nakukataa kwa sababu ya mila."

"Ndiyo, Baba."

"Mila ipo. Lakini wifi yako alipoondoka, nilishukuru. Nilisema sasa hakuna wa kunigusa, na hakuna atakayenilaumu. Mimi naogopa, Mama Atu. Sijawahi kuumia namna ile. Nikisikia hatua zako tu unakuja kuhesabu, jasho linanitoka."

Nikamwambia na mimi naogopa. Nikamwambia niliombea anifukuze. Sikupanga kusema hivyo, yalitoka. Akakaa akiyapima, kisha akauliza, kama mtu anayeulizia ukubwa wa shamba, "Sasa watu wawili waoga watakunja nini?"

Wazo la kitenge lilikuwa langu, ingawa baadaye alimwambia kila mtu kwamba ni lake. Nilikwenda kibandani nikachukua yadi sita za rangi ya bluu, nikafunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye mlango wa kabati, nikakitundika juu ya kitanda, usawa wa kiuno chake. Yeye na uso wake wakabaki upande ule. Mguu ukaja upande huu. Nikauondoa ule mto, nikaurusha kwenye kiti. Nikaweka mkono juu ya kifundo na mwingine chini ya paja kama nilivyoonyeshwa, na mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka hata yeye akaisikia.

"Ni mguu wangu au ni mikono yako inayotetemeka?" akauliza kutoka ng'ambo.

"Yangu, Baba."

"Haya. Anza."

Mara ya kwanza tulikwenda kidogo sana. Alipoguna nikaachia. Akanikaripia: "Ukishaingiza mkasi usiutoe tawi likiwa nusu!" Nikarudi, nikasimama panapokataa, nikahesabu thelathini kwa sauti, naye akahesabu pamoja nami, akipiga kelele kwenye kumi na tano na kwenye ishirini na tano. Tulipomaliza, nilikuwa nimelowa mgongo mzima.

Tukaendelea hivyo, mara tatu kila siku. Na kwa kuwa mtu hawezi kuhesabu tu, tukaanza kuongea. Kitenge kinaruhusu mengi. Aliniambia mama mkwe wangu, aliyefariki kabla sijaolewa, alikuwa akimcheka kwa kuogopa sindano. Aliniambia kwamba yule mama wa jogoo hakujua kuwa yeye mwenyewe hakulala siku tatu baada ya kumkatisha mibuni ile, kwa hofu kwamba haitachipua. "Kila niliyemkatia niliogopa," akasema. "Ndiyo maana niliondoka haraka." Mimi nikamweleza jinsi nilivyoumia miaka ile ya mwanzo, nikidhani ananikimbia. Aliningoja nifike ishirini. "Ningekukimbia nisingekohoa," akasema.

Goti lilikwenda na kurudi. Asubuhi laini, jioni limevimba kama mkate. Jumatano ya tano lilisoma sabini na tano. Dada wa mazoezi hakusema vizuri wala vibaya, alisema, "Wiki moja." Nikarudi na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo, kwa sababu sasa lilikuwa mikononi mwangu.

Ijumaa ya wiki hiyo, saa kumi, alikuwa ameanza kunisaidia. Nilimfungia kipande cha kitambaa kifundoni, ncha zake zikapita chini ya kitenge hadi kwake, akawa anavuta mwenyewe huku mimi nimeshika tu. Tulikuwa tumefika kumi na saba. Akavuta. Ndani ya goti kitu kikalia, *tap*, kama kijiti kikavu, nami nikakisikia kwa mikono kabla ya masikio. Akapiga ukelele mmoja. Kisha hakukuwa na sauti yoyote.

"Baba?"

Kimya.

"Baba! Baba!"

Nilidhani nimemvunja. Nilidhani amekufa. Sikufikiria mila wala kitu kingine, nilikivuta kile kitenge mpaka kamba ikang'oka kabatini, nikamkuta amekaa, mikono imeshika kitambaa, mdomo wazi, machozi yanamwagika mashavuni, na ananitazama usoni. Alikuwa na macho ya mume wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Limevunjika?" akaniuliza mimi.

"Sijui, Baba."

"Angalia basi!"

Nikaangalia. Mguu ulikuwa umekunjwa kuliko nilivyowahi kuuona, kisigino kimeingia ndani, na sisi wawili hakuna aliyethubutu kuugusa. Nilimpigia dada wa mazoezi nikiwa nalia. Akaniuliza kama mzee anaweza kusogeza vidole. Akavisogeza. Kama anaweza kuunyoosha polepole. Akaunyoosha, akilaani kwa Kindali, lugha ya kwao. "Mleteni sasa hivi," akasema.

Nikaita tena ile Noah. Njia nzima ya kwenda Vwawa nilikaa naye nyuma, nimeupakata mguu wake mapajani usitikisike kwenye matuta, na sikukumbuka kutazama pembeni. Pale kliniki walimpiga picha ya eksirei, tukasubiri. Dada wa mazoezi akaja ameshika ile karatasi nyeusi, akaiweka dirishani kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu kupita kiasi.

"Chuma kiko salama. Mfupa uko salama," akasema. "Hayo yalikuwa makovu, yameachia." Akatoa kile kipimo chake. Mzee akafumba macho. Mimi pia nikafumba. "Tisini na nne. Na msivute tena hivyo, mnanisikia? Mna bahati."

Mzee alikaa kwenye kiti cha kawaida, miguu yote miwili sakafuni, kama mtu aliyekuja kusubiri mkutano. Akaomba chai.

Alikaa kwetu mwezi mwingine. Kitenge sikukitundika tena, wala hakukiulizia. Lakini akirudi mume wangu au akija mgeni, kila mtu alirudi mahali pake, yeye sebuleni, mimi jikoni. Alipoondoka kwenda Ileje alikuwa amefika nyuzi mia moja na kumi, na kule akateremka mwenyewe ngazi za kwake, mguu wa kushoto ukibaki juu na wa goti jipya ukitangulia, kama alivyofundishwa. Wifi alinipigia simu akishangaa. Akaniuliza tulifanyaje. Nikamwambia tulihesabu.

Mara ya mwisho kumwona ni wiki iliyopita. Nilikuwa kibandani, nimeinama kwenye marobota, nikasikia mteja mmoja wa Nakonde akimkaribisha mtu kwa heshima. Nikainuka. Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, koti, kofia, fimbo, vumbi la barabara ya Mpemba kwenye viatu. Alikuja peke yake kwa haisi. Alikuwa hajawahi kufika pale hata siku moja.

Nikapiga magoti kumsalimia. Akaitikia, akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha.

"Wamenipa nafasi ya la kushoto," akasema. "Mwezi ujao."

Niliisoma barua ile mara mbili bila kuielewa. Niliona wiki sita, barafu, uvimbe, Jumatano zote zile, na kile kipimo cha plastiki. Nilijua safari hii kwamba kumi na saba inaweza kulia *tap*, na kwamba si kila mara picha inatoka nzuri.

"Wifi yuko nyumbani?" nikauliza. "Nimpigie ajiandae?"

"Alitaka kuja. Nimemkatalia." Alikuwa anaviangalia vitenge vyangu, anakishika kimoja, anakiacha, anakishika kingine. "Nimemwambia nina mtu."

Mteja wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilimvutia mzee kigoda, akaketi polepole. Goti la kulia likakunjika bila kelele, la kushoto likabaki limenyooka mbele yake, likiziba njia ya wateja.

"Unaogopa, Baba?" nikamwuliza.

"Sana," akasema. "Na wewe?"

"Tangu ulipotoa hiyo bahasha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mkulima aliyeambiwa jambo la kweli kuhusu shamba lake. Kisha akauliza kama kuna mahali karibu wanapouza chai ya maziwa, nami nikamwachia yule mama kibanda, tukaenda kuitafuta.